Madoa yaleyale, tumbo moja: kisa cha dada yangu muuza samaki

Kuna picha iko nyumbani kwetu Muheza, imetundikwa ukutani juu ya kabati la vyombo, picha ya harusi ya dada yetu mkubwa mwaka 2006. Mgeni akiingia lazima aisimamie kidogo aulize huyu nani, maana uso ule unang'aa hasa, mashavu yametulia, hakuna kipele hakuna doa, rangi yake ya maji ya kunde imekolea sawasawa kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Ukimwambia ni huyuhuyu aliyekukaribisha hapo mlangoni anakuangalia kama unamdanganya.

Novemba 2023 tulikuwa Tabata, Dar es Salaam, kwenye sendofu ya binti wa mama mkubwa. Dada alichelewa kwa sababu alimalizia kwanza samaki, akaoga harakaharaka, akapanda daladala kutoka Mbagala. Mdogo wetu wa mwisho alikuja na gari kutoka Mbezi Beach. Sasa shangazi yetu mmoja akamshika mkubwa kidevu, akamgeuzia uso kwenye taa, akasema mbele ya meza nzima: "Mwanangu mbona umejiachia hivi? Muone mwenzio anavyojitunza." Dada akacheka kidogo, akavuta mtandio mpaka puani na hakuutoa tena hadi tunaondoka, hata chakula hakugusa. Mdogo naye akainamisha kichwa akawa anachezea simu.

Mi ni wa kati, nilikuwa nimekaa katikati yao na sahani ya pilau mapajani na sikusema kitu, na mpaka leo linaniuma. Ndo maana naandika hiki kisa chote kuanzia mwanzo, kwa ruhusa yao wote wawili, kwa sababu lile neno "kujitunza" limebebeshwa mambo mengi ambayo hayahusiani kabisa na mtu kujipenda au kutojipenda.

Jambo la kwanza ambalo shangazi hakulijua, na meza nzima haikulijua: hawa ndugu wawili waliugua ugonjwa mmoja. Baba mmoja, mama mmoja, ngozi moja, madoa yaleyale, tena sehemu zilezile, juu ya mashavu yote mawili na mstari juu ya mdomo. Kitaalamu inaitwa melazma, mtaani tunasema madoa ya mimba. Zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinachochewa kupita kiasi, na vichocheo vyake vikubwa ni homoni (mimba, au baadhi ya dawa za uzazi wa mpango), jua, na joto. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi si ile miale ya jua isiyoonekana peke yake, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaiamsha rangi na kuikoleza. Mdogo ilimtoka mwaka 2020 akiwa na mimba ya miezi sita. Mkubwa ilimtoka 2021 baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Mmoja leo usoni huoni kitu. Mwingine ndo huyo aliyegeuziwa kwenye taa.

Inabidi nirudi nyuma kidogo hapa. Mkubwa alimaliza darasa la saba akafaulu, lakini baba alikuwa ameshaanza kuumwa, na enzi hizo sekondari ilikuwa ya kulipia, hii habari ya elimu bila ada ilikuja baadaye sana, 2016. Akaanza kuuza machungwa stendi. Wanaopita njia ya Segera kwenda Tanga mnawajua wale wasichana wanaokimbilia dirisha la basi na beseni kichwani, basi mmoja wao alikuwa dada yangu, tangu asubuhi hadi basi la mwisho, miaka karibu saba. Machungwa yale ndo yaliyomsomesha mdogo mpaka kidato cha nne, akaendelea na chuo, akapata kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja mjini mwaka 2012. Ofisi ya kiyoyozi, vioo vyeusi, unaingia saa mbili unatoka saa kumi na moja, jua unaliona ukiwa unavuka kwenda kununua chakula. Na tusifichane, kazi za mapokezi zinatolewa kwa kuangalia sura, matangazo yenyewe yanaandika "awe na mwonekano mzuri". Kwa hiyo ngozi iliyokaa kivulini shuleni ikapewa kazi ya kukaa kivulini. Iliyokaa juani ikabaki juani. Simlaumu mdogo kwa hili hata kidogo, na yeye mwenyewe analijua, siku ile alipoinamisha kichwa nilielewa anawaza nini.

Sasa ile picha ya ukutani. Watu wanadhani uso ule ni wa ujana, kwamba alikuwa na miaka 22 ndo maana. Si kweli, miezi miwili kabla ya harusi alikuwa na miaka hiyohiyo 22 na alikuwa mweusi wa kuungua, mashavu yamepauka, midomo inachanika, visigino vimepasuka. Kilichotokea ni kwamba aliwekwa ndani. Kwetu mwali anaingizwa ndani, yeye alikaa siku 14, mapazia yamefungwa, hagusi jiko, hagusi ndoo, hatoki hata kuanika nguo. Somo wake alikuwa anakuja kila jioni kumsinga: liwa iliyosagwa, karafuu, maua ya waridi, vinakandwa kwa marashi mpaka iwe uji mzito, anapakwa mwili mzima, inakaa mpaka inakauka, alafu anasuguliwa taratibu kwa kiganja inadondoka vipande vipande, kisha anaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na kupakwa mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado mbichi. Analala usingizi wa kushiba, anakula vizuri, hadaiwi na mtu. Nakumbuka siku ya kumi nilimpelekea uji nikasimama mlangoni nikashangaa, shingo yake ilikuwa inarudisha mwanga wa kibatari.

Kila mtu aliisifu liwa. Na liwa ni nzuri, siipingi, lakini nikiangalia leo naona kazi kubwa ilifanywa na vile vingine ambavyo hakuna aliyevitaja: siku 14 bila jua, bila moshi, bila maji ya chumvi, na mikono ya watu wengine ikifanya kazi zake zote. Mabibi zetu walielewa hili zamani sana, walijua ngozi inahitaji mtu apumzishwe, wakaitengenezea desturi. Isipokuwa kwa mwanamke wa kawaida walimpa mara moja tu maishani, akitoka hapo anashika jembe. Mwenye mali anaishi kama mwali mwaka mzima. Hicho ndo ninachokiona nikimtazama mdogo wangu: ana dada wa kazi, ana tangi la maji matamu juu ya paa, ana gari lenye vioo vya giza, analala kwa muda wa saa saba au nane. Ni mwali aliyewekwa ndani tangu 2012.

Na Ulaya mambo yalikwenda kwa mkondo uleule ingawa rangi iligeuka: zamani mzungu tajiri alijitangaza kwa weupe kwa sababu wakulima ndo walioungua jua, kazi zilipohamia viwandani na maskini wakawa weupe kwa kufungiwa ndani, kuanzia miaka ya 1920 tajiri akaanza kujianika ufukweni ili aonekane ana likizo. Popote uendapo uzuri unapewa yule ambaye ngozi yake haionyeshi kazi.

Turudi Mbagala. Mume wa dada alikuwa kibarua, kazi ikaisha 2019, dada akaanza kukaanga samaki. Siku yake iko hivi. Saa tisa na nusu usiku ameamka, saa kumi na moja yuko soko la samaki la Feri kwenye mnada na wenzake, mikono ndani ya maji ya barafu na chumvi. Saa mbili amerudi, anapara na kukata, saa tano karai liko jikoni. Karai lake ni lile kubwa la chuma, jiko la mkaa, amekaa kwenye kigoda uso wake uko kama hatua moja juu ya mafuta. Nimekaa pale naye mchana mzima kwa hiyo najua ninachosema. Joto linakuja kwa pande mbili, chini mkaa na juu jua la saa saba, akigeuza kibua chenye maji kidogo mafuta yanaruka, yanamkuta kwenye mkono au shavuni, anajifuta kwa upande wa khanga anaendelea. Kila tone la mafuta linaacha kidonda kidogo cha siku nne na doa la miezi sita, ngozi yetu iko hivyo, ikijeruhiwa hata kidogo inajibu kwa kutia weusi. Jioni anaoga maji ya kisima, na visima vingi vya huko vina chumvi, sabuni haitoi povu, unajisugua mpaka unachoka na ukitoka ngozi inakaza kama imepakwa ukoko. Maji matamu yananunuliwa kwa ndoo, hayo ni ya kunywa na kupikia.

Kwa hiyo madoa ya mimba yalipomtoka 2021 yalikuta mazingira yote yapo tayari. Homoni, jua, joto, moshi, vidonda. Ya mdogo yalikuta kiyoyozi.

Mdogo alifanya nini? Alimpigia simu daktari wa ngozi wa kliniki binafsi, akapewa miadi ya saa kumi jioni, alisubiri dakika ishirini. Akaambiwa jina la tatizo, akaambiwa asihangaike kwa sababu ni mjamzito na dawa nyingi hazimfai kwa sasa, akapewa krimu ya asidi ya azelaiki ambayo ni salama kwa mimba, na sanskrini (losheni ya kukinga jua) ile yenye rangi rangi ndani, maana zile zenye oksidi ya chuma zinazuia pia mwanga unaoonekana, ile nyeupe ya kawaida haifanyi hivyo vizuri. Alipomaliza kunyonyesha akaongezewa dawa nyingine ya usiku. Gharama ya siku ya kwanza: kumuona daktari 50,000, krimu 65,000, sanskrini 55,000. Jumla 170,000, akalipa kwa simu akiwa amekaa kwenye gari. Ndani ya mwaka yalikuwa yamefifia.

Mkubwa alifanya nini? Alikwenda kwenye meza ya vipodozi karibu na kituo cha daladala, maana ndiko wanakokwenda wenzake wote. Muuzaji akamwangalia akasema hayo madogo, akampa tyubu ya 4,000. Hakumficha kitu kwa ubaya, nadhani hata yeye muuzaji hajui, lakini ile tyubu niliishika baadaye nikasoma: klobetasoli asilimia 0.05. Hiyo ni steroidi, yani dawa ya kutuliza uvimbe, na ni ya lile daraja la juu kabisa kwa nguvu katika steroidi za kupaka. Ni dawa halali ya magonjwa mazito ya ngozi, maelekezo yake yanasema usiipake usoni na usizidishe wiki mbili mfululizo. Dada aliipaka usoni miezi 18.

Na hapa naomba tumwelewe, maana watu wanasema "wanawake hawa hawasikii". Wiki mbili za mwanzo dawa ile ilifanya miujiza. Steroidi inabana mishipa ya damu, inatuliza uvimbe, uso unakuwa mwororo na mweupe kidogo, madoa yanapungua kweli. Wateja wakamsifia. Mumewe akamsifia. Ungekuwa wewe ungeacha? Mwezi wa tatu ngozi ikaanza kuwa nyembamba, akikaa jikoni inawaka moto, mishipa midogo myekundu ikaanza kuonekana pembeni mwa pua, chunusi nyingi za saizi moja zikajaa kidevuni, vinyweleo vikaota mashavuni. Akaogopa, akaacha. Siku ya tano baada ya kuacha uso ukavimba, ukawa mwekundu, unawasha na kuchonyota usiku kucha, yani ngozi imeshazoea ile dawa na sasa inalipiza. Akadhani ugonjwa umerudi kwa nguvu. Akarudi kwenye meza, 4,000 nyingine, siku mbili uso umetulia. Huo ndo mtego wenyewe, dawa inakuonyesha kwamba yenyewe ndo mkombozi.

Katikati ya 2023 muuzaji akamwambia hii tyubu imeshamzoea, akampa mkorogo, kopo la plastiki lisilo na maandishi yoyote, 15,000, akamwambia maneno ambayo aliponisimulia nywele zilinisimama: "Ukipaka vua pete, isiguse dhahabu." Ni hivi, zebaki ikikutana na dhahabu inashikamana nayo na kuipausha, na baadhi ya krimu za zebaki huwa zinakuja na onyo hilohilo la kukaa mbali na dhahabu na fedha. Zebaki inazuia rangi ya ngozi isitengenezwe, na ikipita kwenye ngozi inakwenda kuumiza figo. Mkataba wa kimataifa wa zebaki, ule wa Minamata wa 2013, umeipiga marufuku kwenye vipodozi. Na kitu kingine kinachojaa kwenye mikorogo ni haidrokwinoni, ambayo hata madaktari wa ngozi huitumia lakini kwa kipimo, miezi michache na kwa uangalizi, ukiitumia ovyo kwa muda mrefu chini ya jua ngozi inaanza kuweka rangi ya bluu inayoelekea nyeusi, kama masizi yamenasa ndani, na hiyo haitoki kirahisi. Afrika Kusini waliona uharibifu huo mapema wakaizuia kwenye vipodozi mwaka 1990, Umoja wa Ulaya wakafuata 2001, kwetu nayo hairuhusiwi kwenye vipodozi na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ndo wenye kazi ya kusimamia vipodozi tangu 2019. Sheria ipo. Kopo lisilo na maandishi nalo lipo, linauzwa pale dada anapopita kila siku, na ofisi ya daktari wa ngozi haipo pale anapopita kila siku.

Nikakaa nikapiga hesabu na mkubwa, tukaandika nyuma ya daftari la mtoto. Tyubu tatu kwa mwezi ni 12,000, mara miezi 18 ni 216,000. Makopo matano ya mkorogo 75,000. Jumla 291,000. Aliishia kunyamaza muda mrefu akiangalia ile namba. Alikuwa ametumia zaidi ya ile 170,000 ya mdogo ya siku ya kwanza, ila yake ilitoka kidogokidogo, elfu nne nne, na 170,000 mkononi kwa mkupuo hajawahi kuwa nayo labda siku ya kupokea upatu, na hiyo ina kazi yake tayari. Ni kweli kwa mwaka mzima mdogo alitumia nyingi zaidi kwa sababu sanskrini inanunuliwa tena na tena, silifichi hilo. Lakini ile ya kwanza ndo iliyomwelekeza njia sahihi.

Na hiyo sanskrini yenyewe, hebu tuipigie hesabu kwa mtu wa karai, maana kila tangazo linatuambia "paka sanskrini" kana kwamba ni kunawa uso. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya vidole, kama mililita moja na nusu hadi mbili. Unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani na unatoka jasho. Mdogo anapaka asubuhi anaingia ofisini, tyubu ya mililita 50 inamfikisha karibu miezi miwili maana anabania kidogo. Mkubwa kutoka saa tano hadi saa kumi na mbili jioni, anajifuta jasho kwa khanga kila dakika, angehitaji kupaka mara nne, tyubu inakwisha wiki moja. 55,000 mara nne ni 220,000 kwa mwezi. Kodi ya vyumba vyake viwili ni 100,000. Faida yake siku nzuri ni 12,000, siku mbaya anarudi na samaki kwenye ndoo. Kwa hiyo anayeihitaji zaidi ndo inayemwishia haraka zaidi na ndo asiye na hela yake. (Inawezekana kufanya tofauti, Moshi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, wanagawiwa bure kwenye kliniki, kwao ni suala la saratani, la kufa na kupona, na ni haki wapewe wao kwanza. Ninachosema ni kwamba kumbe losheni inaweza kutengenezwa hapahapa.)

Matajiri nao wanajichubua, najua, wapo wanaotundikiwa dripu za kung'arisha kwenye vitanda safi vyenye maua pembeni, na wengine wanaharibika. Ila wakiharibika wana pa kukimbilia siku hiyohiyo.

Januari 2024 nilimchukua dada nikampeleka hospitali ya rufaa. Tulitoka Mbagala saa kumi na nusu alfajiri, tukaingia kumuona mtaalamu saa sita na robo. Siku hiyo samaki hakununua, kwa hiyo kabla hata ya kulipia kadi ameshapoteza faida ya siku. Aliyetuhudumia alikuwa afisa tabibu wa ngozi, amesomea kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha Moshi kilichoanza 1992, na ninamuombea heri kila nikimkumbuka. Hakumfokea. Aliomba kuona mikono kwanza kabla ya uso, akashika vidole, akaona vifundo vilivyobaki vyeusi ti na mgongo wa kiganja umechubuka, akauliza kwa upole "mama, umepaka muda gani?" Dada akalia, nadhani kwa sababu lilikuwa swali la kwanza kwa miaka miwili lisilokuwa na lawama ndani yake.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Kopo litupwe. Steroidi ile kali iondolewe kwa kushuka ngazi, akampa nyepesi ya muda mfupi kisha basi. Dawa ya kumeza ya zile chunusi. Vipimo vya mkojo kuangalia figo, na tunamshukuru Mungu vilirudi vizuri. Asisugue, asiskrabu, asitumie sabuni ya kunukia. Apake mafuta ya mgando yale ya kawaida yasiyo na harufu, ngozi ikiwa bado na unyevu, maana hakuna krimu ya bei mbaya inayoyazidi kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Na akasema, "dawa yako kubwa ni kivuli, kwa wiki za mwanzo usikae kabisa kwenye moto wala jua." Dada akamjibu, "Daktari, nikikaa ndani watoto watakula nini?" Yule mtaalamu alinyamaza, akaandika kitu kwenye faili, hakuwa na dawa ya hilo.

Tulivyotoka nikampigia mdogo. Sikumsimanga, nilimweleza tu alichosema daktari na alichojibu dada. Akasema "nipe siku mbili." Jioni ya pili akaja Mbagala mwenyewe, akakaa kwenye mkeka, akauliza faida ya siku ni ngapi, akapiga mara siku 21, akamkabidhi mkubwa hela mkononi, 250,000 na kitu. Mkubwa akakataa. Wakavutana. Mdogo akamwambia, "Dada, hizi ni za machungwa." Mkubwa akanyamaza, akazipokea.

Basi tukamuingiza ndani mara ya pili. Miaka 18 baada ya ile ya kwanza, chumba cha Mbagala, tukafunga pazia la kitenge dirishani, mi nikawa nakuja jioni baada ya kazi kuosha vyombo na kupika, binti yake mkubwa akachukua ndoo. Safari hii hakukuwa na liwa wala marashi, kulikuwa na kikopo cha mafuta ya mgando na ndoo mbili za maji matamu kila siku ambazo mdogo alizilipia. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko tulivyotarajia, uso ulivimba mpaka jicho moja likafumba, ukavuja majimaji, ukabanduka kama ganda la kitunguu, usiku analia anaomba ile tyubu. Tulikaa naye kwa zamu tukimwekea kitambaa cha maji ya baridi. Siku ya 16 aliamka akasema amelala usiku kucha. Nikamwambia unaona sasa, akashika shavu lake akawa analigusagusa kama si lake.

Mpaka leo sitasema amerudi kwenye ile picha. Chunusi ziliisha, ile hali ya kuwaka iliisha, mishipa inaonekana kwa mbali, madoa yamepungua kama nusu hivi. Vifundo vya vidole na sehemu chini ya macho bado vina ule weusi wa bluu, na tumeambiwa huo utakaa. Alirudi kwenye samaki kwa sababu hana kazi nyingine, ila alibadilisha vitu. Jiko sasa liko kwenye meza ya chuma, anakaanga amesimama kwa mwiko mrefu, uso hauko tena juu ya karai. Ana kofia ya ukindu yenye ukingo mpana juu ya mtandio. Na mdogo alimnunulia turubai la bluu, wamelifunga kwenye nguzo tatu na mwembe wa jirani.

Shangazi alipita pale mwezi uliopita kununua samaki. Nilikuwepo, na safari hii sikunyamaza, nilimweka kwenye kigoda nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa, machungwa, tyubu, kopo, mpaka hesabu ya sanskrini. Alisikiliza kimya. Mkubwa alikuwa anaendelea kugeuza vibua. Ilipofika saa tisa hivi jua likapinda, kivuli cha turubai kikaanza kuihama meza, shangazi akainuka bila kuambiwa, akashika upande mmoja wa meza, dada akashika mwingine, wakaisogeza kufuata kivuli.